Supu Nyekundu ya Seli

Yule mama anayelisha seli za titi kwenye maabara ya Khon Kaen, Thailand, ana mikono mipana ya kutwanga saladi ya papai mbichi, lakini hudondosha supu yao, maji ya kuzikuzia, kama anayempa mtoto mchanga dawa. Kanjana, mtafiti kijana hapo, alihangaika miezi minane: je, protini inayohimiza seli zigawanyike yaweza kuamsha kipokezi cha homoni, homoni yenyewe isipokuwepo? Sahani zake zote za seli ziling'aa, ishara ya kuamka, hata zisizotiwa protini.

"We binti, umewapa supu nyekundu?" mama alicheka. "Rangi ile wanaidhani homoni. Umewalewesha wote!"

"Shangazi, mbona hukusema?"

"Uliniuliza?"

Wakatia supu isiyo na rangi. Safari hii ziling'aa zenye protini tu. Kanjana akaruka. Mama akavua glavu, akamvuta wacheze papo hapo kati ya mashine: "Miaka ishirini nawalisha, leo wamesema!"