Mkasi Uliosimama Begani

Saa mbili kasoro asubuhi. Karakana ya kushona sare za shule ina vyerehani tisa. Vinane vinatazama ukuta. Cha tisa kimegeuzwa, kinatazama mlango. Hicho ni cha mama mmoja ambaye wenzake humwita Chaki.

Leo lakini hajakaa. Yuko kwenye meza ya kukatia, mkasi mkononi, mbele ya kitambaa kilichopangwa tabaka kumi. Mkataji wa zamani amestaafu, na bosi amempa Chaki nafasi moja tu. Akikata sawa, kazi ni yake. Akikosea, mashati kumi yameharibika kwa mpigo.

Na anayesimama kwenye meza hiyo huupa mlango mgongo.

"Najua nyuma yangu hakuna mtu," anasema. "Mwili ndio haujui."

Ana miaka arobaini na mmoja. Utotoni aliishi miaka tisa na baba wa kambo aliyerudi kila jioni akitafuta wa kumpiga. Mzee yule alishazikwa, ila hatua zake bado zinatembea. Kiatu kizito kikilia ukumbini, Chaki anapotea palepale alipo, macho wazi, mikono baridi. Akirudi, hakumbuki alikuwa anashona nini. Karakana mbili zilimwachisha kazi. Katika ya pili, alishona mashati sita yenye mikono ya kushoto pande zote mbili.

"Waliniita mzembe, nami nikakubali."

Muuguzi wa kliniki ndiye aliyemweleza kuwa hilo ni jeraha la mateso ya muda mrefu, na kwamba hupona polepole. Anakwenda huko kila Alhamisi, mwaka wa tatu huu.

Ajabu ni dawa aliyojitungia mwenyewe. Kabla ya kila hatua huandika mezani kwa chaki ya fundi: kola, kisha mkono wa kulia. Akipotea, akirudi, anasoma.

"Najiachia barua," anacheka.

Wenzake nao wamejifunza. Hakuna anayemgusa bega kwa nyuma. Mtia vifungo, mama mtu mzima mwenye sauti ya tarumbeta, hujitangaza tangu uani: "Hodi jamani, mnene wenu naingia!"

Ghafla, puu! Mleta vitambaa amebwaga robota ukumbini.

Mkasi unasimama katikati ya bega la shati. Vyerehani vyote vinanyamaza. Bosi anataka kumsogelea, mtia vifungo anamshika mkono.

"Mwache, mwanangu. Yuko njiani anarudi."

Dakika inapita, labda mbili. Macho ya Chaki yanashuka mezani. Midomo inasoma: "Bega. Fuata mstari. Ni leo, si zamani."

Mkasi unatembea.

Akimaliza, bosi anafunua tabaka moja moja hadi la kumi. Anashusha pumzi.

"Kazi ni yako, dada."

"Na meza je, tuigeuze?" anauliza mtia vifungo.

"Igeuzeni hata sasa hivi!" Chaki anajifuta jasho. "Mimi si jiwe. Mwakani nitairudisha mwenyewe ilivyokuwa, nijaribu tena kuupa mlango mgongo."