Ploti ya Siakago na Zile Pembe Mbili

Mjukuu wangu wa kike ni mhasibu katika ofisi moja mjini Embu. Mimi niliacha shule nikijua kusoma Biblia na kitabu cha kwaya, na hivyo viwili vilikuwa vinanitosha.

Nilikuwa nimeweka bonasi za majani chai miaka na miaka, nikitaka ploti yenye nyumba za kupangisha kabla mgongo haujakataa kuchuma. Mfanyabiashara mmoja wa Siakago alikuwa anauza yake, akaniachia karatasi za hesabu za miaka mitatu. Nikavaa miwani. Karatasi ya mwaka jana, chini kabisa penye faida, ilikuwa na tarakimu nono, imefungiwa kati ya alama mbili zilizopinda kama pembe za mbuzi.

Nikafurahi. Katika kitabu cha kwaya yetu, maneno yakifungiwa hivyo huimbwa mara mbili. Nikamwambia mwenye ploti aje Jumatatu na wakili.

Jumamosi mjukuu akaja.

"Cucu, umependa nini hapa?"

"Faida. Si unaona inarudiwa?"

"Inarudiwa aje?"

Nikamwimbia ubeti mmoja aelewe. Akaweka kikombe chini, akakimbilia jikoni kucheka. Sikumfuata. Anayecheka jikoni kwangu hutolewa na moshi.

"Cucu," akarudi akipangusa macho, "hayo ni mabano. Sisi tukifungia pesa hivyo, hiyo ni hasara."

"Na mbona msiandike hasara? Wino uliisha?"

"Ndiyo adabu ya kazi yetu."

"Adabu gani ya kuvalisha msiba nguo ya harusi?"

Akanionyesha kwa kidole. Kodi ilikuwa inaingia, lakini maji ya kununua kwa lori na ukarabati usioisha vilikuwa vinaila yote. Mwenye ploti hakudanganya, mambo yote yalikuwa pale. Nikavuta karatasi ya mwaka uliotangulia. Pembe. Nikavuta ile nyingine. Pembe.

"Sasa mimi nilisema nini?" nikamuuliza. "Si nilikuambia inarudiwa?"

Safari hii alichekea pale pale mezani.

Nikampigia mwenye ploti simu, asipoteze pesa za wakili.

"Kwani mama, bei ni mbaya?"

"Bei haina neno. Nimelikataa pambio."

Hakuelewa, nami sikumfafanulia. Simu inakula pesa. Jumatatu nilikuwa shambani, kikapu mgongoni, mgongo ukilalamika kama kawaida yake. Bonasi iko benki, nzima, haina pembe.