Neno la Kiluvi Migongoni mwa Kwaya

Naona aibu, lakini nitakueleza taratibu ili usirudie kosa langu. Mimi ni mlinzi wa maktaba ya chuo hapa Johannesburg. Kanisani kwetu Troyeville, kwa sisi wahamiaji, natafsiri mahubiri ya wageni kwa Kiswahili, na kwa kuwa kila swali nalijibu, waumini huniita Mwalimu.

Mama Furaha, kiongozi wa kwaya, alitaka neno la kudariziwa kwenye sare mpya. "Mwalimu, utupe neno ya zamani, yenye kwaya ya Hillbrow haina!"

Nikalipata katika kitabu cha Kiluvi, lugha iliyokufa kale huko Uturuki. Maelezo yake yalikuwa marefu, yamejaa alama za kuuliza, basi sikuyasoma. Nikamfafanulia Mama Furaha kwa upole kwamba maana yake ni "wenye sauti ya mbinguni". Akatokwa na machozi. Fundi akadarizi migongo kumi na miwili.

Siku ya kuzindua sare nikamwalika profesa wa lugha za kale, ninayemfungulia mlango kila asubuhi. Kwaya ilipogeuka, akasimama, nami nikashika maiki nimtafsirie.

"Neno hilo limeonekana mara moja tu, kwenye jiwe," alisema kwa Kiingereza. "Maana na asili yake hatuna hakika. Labda kikapu. Labda utumbo wa kondoo wa kafara."

Watoto wetu waliozaliwa hapa, wanaojua Kiingereza kutuzidi, wakaangua kicheko.

"Mwalimu, tafsiri basi!" Mama Furaha akadai. "Anasema tumevaa nini?"

Sauti yangu ikasikika hadi barabarani: "Huenda ni utumbo wa kondoo, Mama."