Siku ya Kumtukana Papa Mawe

Majani ya maharagwe yaliyopondwa na mvua ya mawe yana harufu yao, wala haifanani na ya majani yaliyokatwa kwa panga. Ni harufu kali, mbichi, yenye ubaridi ndani yake, kama ya kisima kilichofunuliwa ghafla. Niliinusa vizuri kwa mara ya kwanza mwezi wa Novemba 1960, nikiwa msichana wa miaka kumi, asubuhi ambayo mama alisimama pembezoni mwa shamba letu, kwenye kilima kilicho juu ya kijiji cha Kibabi, akaitazama mistari iliyolala chini. Mihogo nayo ilikuwa imechanika majani, lakini muhogo una subira, huweka akiba yake chini ya udongo. Maharagwe hayana pa kujificha, na mwaka ule sisi tuliyafuata: tulikonda pamoja nayo.

Kilima chetu kilikuwa na mtu wa kuizuia mvua hiyo. Jina lake la kuzaliwa sikulijua kamwe. Wakubwa kwa wadogo tulimwita Papa Mawe. Alikuwa mfumu, yaani mtu wa dawa na wa mambo yasiyoonekana, aliyetoka katika misitu ya Walikale kwa miguu kabla sijazaliwa, akiwa na mfuko wa ngozi na pembe moja ya swala. Aliyemwona mara ya kwanza alivunjika moyo, kwa sababu hakuwa na kimo wala macho ya kutisha. Alikuwa mfupi, mwenye vidole vyembamba na meno machache aliyoyaonyesha kwa kila aliyepita. Lakini wingu jeusi lilipopanda kutoka upande wa msitu, alitoka nje kichwa wazi, akawasha majani mabichi yatoe moshi mzito, akasimama hapo mpaka wingu lipite au limpige. Kama aliizuia mvua au hakuizuia, mimi niliyesoma baadaye siwezi kuapa. Naweza kuapa kwamba hakuwahi kuingia ndani mawe yakimwangukia, na kwamba upara wake ulikuwa na makovu madogo madogo.

Kila mwezi wa Septemba, kabla ya mbegu kuingia ardhini, kilima kizima kilikusanyika mbele ya nyumba yake ili kumtukana. Walimtukana usoni, mmoja baada ya mwingine, kila mtu na neno alilolibeba mwaka mzima. Iliaminiwa kwamba mvua ya mawe hufuata kinyongo kama nzi afuatavyo kidonda, na kwamba mfumu anayesemwa mgongoni, moshi wake hauna nguvu. Aliyekuwa na neno alilitoa siku hiyo. Aliyelimeza, kisha akalitapika kwa jirani, ndiye aliyelaumiwa mawe yakianguka. Papa Mawe hakuruhusiwa kujibu. Alikaa kwenye kigoda, mikono magotini, akisikiliza kama mtu anayeombewa baraka. Wazee walisema desturi hiyo ilikuwa sehemu ya dawa aliyokuja nayo, na hakuna aliyeuliza zaidi. Shida ni kwamba masikio yake yalizeeka kabla ya miguu yake. Mwaka 1960 watu walikuja kama kawaida, lakini kumpigia mzee kelele za matusi kunahitaji ushupavu ambao wakristo wengi hawana. Walinong'ona, yeye akaitikia kwa adabu bila kusikia, na Novemba mawe yakaja. Kilima kikaamua kwamba matusi hayakuingia. Ilibidi apatikane mtu wa kuyafikisha.

Mtu huyo nilikuwa mimi, na sababu yake ndiyo aibu ya kwanza ninayoikumbuka maishani. Nilikuwa na sauti kubwa kuliko mwili wangu. Nikimwita mbuzi wetu, watu wa kilima cha pili waliitika. Mama alizoea kuniambia nipunguze kabla sijavunja vyungu, na baba, aliyekuwa mwimbishaji kanisani, alinikalisha mstari wa nyuma kabisa na kunisihi nichezeshe midomo tu. Kwa hiyo wazee walipokuja kuniomba, baba alitahayari mara mbili: kwanza kwa kuombwa mtoto wa kumtumikia mfumu, yeye mkristo, pili kwa kuona kwamba kasoro tuliyoificha nyumbani ilikuwa inajulikana kwa wote. Hakuweza kukataa mbele ya watu waliopoteza maharagwe. Aliweka sharti moja. Ningekaa na Papa Mawe kuanzia Februari 1961 mpaka siku ya matusi mwezi wa Septemba, nijifunze kuzisikia na kuzifikisha sauti za watu, kisha ningeanza shule. Mdogo wangu alikwisha kujua kusoma, nami nilikuwa bado nikishika kitabu chake juu chini. Hakuna nilichokitaka zaidi ya shule. Wazee walikubali, lakini mama aliniambia usiku wa kuondoka kwangu kwamba kiziwi akipata masikio, si rahisi kuyarudisha.

Mfumu huyo hakunifundisha dawa hata moja. Alinituma kisimani, sokoni, kwenye mashamba ya watu, nirudi na maneno niliyoyasikia, nimpigie sikioni yalivyo. Nilipojaribu kuyalainisha aliinua kidole. "Usiniletee maana," alisema. "Maana nitatafuta mimi mwenyewe. Niletee maneno." Siku moja nilimletea neno la mwanamke mmoja wa kisimani, kwamba kichwa cha mzee ni kama kibuyu kilichochemshwa. Akakipapasa kichwa kwa makini, akaniuliza kama mama yule alisema kuchemshwa ao kuchomwa, kwa sababu kibuyu cha kuchomwa kinapasukaka. Alicheka mpaka akakohoa. Sikucheka naye. Wanafunzi walipita njia ya chini ya nyumba yake kila asubuhi, wakiwa na mbao zao za kuandikia, na walikuwa wamenipa jina la kunifanya redio ya mchawi. "Radio ya mulozi!" waliita. "Radio ya mulozi, tupigie habari!" Niliposikia miguu yao nilijitupa kwenye matete, nikakaa humo mpaka wapite, umande ukiniloweka. Mzee alinikuta humo asubuhi moja. Hakunikemea. Aliniambia kwamba aibu ni mgeni mzuri, ila asipewe kitanda. Apewe kigoda, aseme alilokuja nalo, aende. Mimi nilikuwa nimeipa kitanda, chakula na blanketi.

Kadiri Septemba ilivyokaribia, ikasikika kwamba wazee wangependa nibaki mwaka mwingine. Maharagwe yaliyopandwa Februari yalikuwa yamevunwa salama, na nani huachana na kinachomfaa? Baba akasikia. Akaenda soko la Mushaki kununua chumvi kwa mfanyabiashara mmoja kutoka upande wa Butembo, mtu wa misa kila Jumapili, ambaye lori lake lilifika mpaka Walikale. Alirudi, na jioni nilipokwenda nyumbani kuchukua unga nikamsikia akimwambia mama jikoni: "Nimepata neno. Akilisikia mbele ya batu, atakimbia yeye mwenyewe, na mutoto wetu atarudi." Mama akamuuliza kama neno lenyewe ni la kweli. Baba akajibu kwamba ndiyo maana litafaa.

Siku ya matusi iliangukia Jumamosi, tarehe 2 Septemba 1961. Shule ingefunguliwa Jumatatu. Papa Mawe alikaa kwenye kigoda chake, nami nikasimama kuume kwake, mdomo wangu karibu na sikio lake lenye nywele nyeupe. Watu walianza kwa uoga, kisha wakachangamka. Mmoja alisema nimwambie kwamba anakulaka kwa kila nyumba sawa panya, na bado hanenepi, chakula ya batu inapotea bure. Mwingine alilalamika kwamba moshi yake inakohozesha mbuzi kuliko mvua yenyewe. Nilipaza kila neno, na kilima cha pili kilinirudishia. Mzee alitikisa kichwa, mara akitabasamu, mara akifumba macho. Ndipo mama mmoja, jirani yetu, akasimama mikono kiunoni: "Muulize huyu mutoto alimutoa wapi, mutoto mwanamuke mwenye sauti ya dume. Akimaliza kumuharibu, nani atamuoa?" Wakacheka wote, na wanafunzi waliokaa juu ya ukingo wakacheka zaidi. Kazi yangu ilikuwa kulisema. Nikalisema, neno kwa neno, kuhusu mimi mwenyewe, kwa sauti ile ile ya dume, machozi yakinifikia kidevuni. Sikupunguza hata silabi.

Baba alisubiri hadi mwisho. Alikuwa amevaa kofia yake ya kanisani. Hakunitazama aliposema: "Mwambie kwao Walikale aliruhusu batu wapite kwa daraja ya kamba yenye ilikuwa imeoza. Wakaanguka mu maji, wakakufa, njo akakimbilia kwetu." Kicheko kilikatika. Mwenye kovu usidhani kapoa, wahenga walisema, na mimi nilikuwa naitazama ngozi ya mzee kwa karibu kuliko wote. Nilijua pia kwamba nikilisema nitakwenda shule. Nikainama, nikalipiga neno la baba sikioni mwake kwa nguvu yangu yote. Mzee akasema, "Rudia." Nikarudia. Mara ya pili sauti yangu ilitetemeka, lakini maneno yalikuwa yale yale.

Akavunja sheria yake, akajibu. Hakupandisha sauti; watu walisogea ili wamsikie. "Ni kweli," alisema. "Kwetu nilikuwa mufumu mukubwa. Baba yangu alikuwa mufumu, na babu yangu. Nikisema jua iko inanyesha, batu wanafunika kichwa. Siku ile nikawaambia wapite, mizimu imekubali. Kamba ilikuwa imeoza, na wao waliiona. Wale wa mbele waliiona kwa macho yao. Hakuna aliyenisemesha, kwa sababu walikuwa wananieshimu. Niliwatazama wakipita, wakaanguka. Heshima njo iliwaua." Alisema alitembea baada ya hapo akitafuta kilima ambacho watu wake wangeweza kumwambia mfumu kwamba kamba imeoza, na kwa kuwa hakukiona, alipofika kwetu alituambia mvua ya mawe inataka matusi. Hivyo dawa aliyokuja nayo ilikuwa dawa yake mwenyewe, na sisi tulikuwa tumemnywesha miaka yote bila kujua. Kisha akamgeukia baba. "Wewe, Papa, umenitukana vizuri kuliko bote. Chukua mutoto yako. Hakupunguza neno. Mupeleke kwa masomo." Baba alikuwa ameivua kofia. Alijaribu kusema kwamba hakujua hivyo, kwamba alidhani tu, na hakumaliza. Sijapata kumwona tena baba yangu akiwa mdogo namna ile, naye aliupata ushindi aliokuwa ameutaka.

Nilianza shule Jumatatu. Ningependa kuandika kwamba nilipita kumsalimu mzee kila jioni, lakini nilipita njia ya juu, isiyoonekana kutoka kwake. Mambo yaliyofuata ndiyo yanayonila. Kilima kilimhurumia. Watu walianza kumpelekea maharagwe mapya na maziwa, wakamwamkia kwa kuinama, wakawakataza watoto kumwiga anavyotembea. Jumamosi tarehe 1 Septemba 1962 tukakusanyika tena. Kijana mwingine mwenye sauti nzuri alisimama karibu na kigoda. Tukangoja. Hakuna aliyesema neno. Mwishowe yule mama jirani, aliyekuwa bingwa wa kutukana, akatoka mbele na kusema tu, "Jambo, Papa. Mungu akulinde." Kijana akalifikisha. Papa Mawe akapitisha macho juu ya watu polepole, kila uso, na yakasimama kwangu, nikiwa na sare yangu ya bluu. Nilikuwa na neno. Moshi wake mwaka ule ulikuwa dhaifu, alikuwa akilala mchana wakati mawingu yanapanda. Kila mtu alijua, na kila mtu alinong'ona. Wanafunzi wenzangu walikuwa kando yangu. Nikatazama chini. Kesho yake alfajiri aliondoka na mfuko wake kwenye njia ya Walikale, kwa miguu ile mibovu, na hakuna aliyemzuia, kwa sababu tulikuwa tunamheshimu. Sikupata habari zake tena. Msimu ule mawe hayakuanguka, mwaka uliofuata yakaanguka. Mimi sichukui hilo kuwa ushahidi wa lolote.

Nilimaliza masomo Juni 1974, mkubwa kuliko wote darasani, nikafundisha, nikaolewa na mtu aliyeipenda sauti yangu. Alipofariki mwaka 2009 watu walijaa uani wakamsifu, wakanisifu na mimi, na tangu siku hiyo wanaponiona wanashusha sauti. Zamani kwenye kilima chetu mtu mwenye nguvu aliambiwa kasoro zake hadharani mara moja kwa mwaka, mbele ya mbuzi na watoto. Leo tunawaacha wakubwa wetu wapite, kisha tunakutana mazishini kusema tulichokiona kwenye kamba. Nami sasa nimekuwa mmoja wa wakubwa hao. Mwaka jana nilimwita mjukuu wangu, mtoto wa miaka tisa, nikamwomba aniambie jambo moja ninalolifanya vibaya hapa nyumbani. Nilimwambia sitakasirika. Akamtazama mama yake mlangoni, akarudisha macho kwangu. "Koko," aliniita, kama wajukuu wa kwetu wanavyowaita bibi zao, "wewe hauna kosa." Nilimshukuru, nikamruhusu aende kucheza, nikabaki nimekaa na uso ukiniwaka kama wa mtoto aliyechekwa. Papa Mawe aliposikia jibu la namna hiyo alikuwa bado na miguu ya kumpeleka kwenye kilima kingine. Yangu inanifikisha mlangoni tu.