Nafasi ya Mwisho

Kila alipoitwa, fundi wa kompyuta alishika kwanza nondo ya dirisha ili umeme wa mwilini umtoke, ndipo alipofungua mashine. Epifania, mpiga chapa wa kiwanda cha sukari, alipenda kuitazama mikono ile. Ilichomoa kadi moja moja kwa kingo, kama inayoshika sahani ya ndizi za kiburu zenye moto, ikazisugua meno ya shaba kwa kifutio cha shule, ikazirudisha kwenye safu ya nafasi zake, matundu membamba ya kuchomekea. Siku hiyo nafasi ya tatu ilikuwa imekufa, na vipuri havikuwepo nchi nzima. Fundi akaichukua kadi ya nafasi hiyo, akaipeleka nafasi ya mwisho kabisa.

“Kitabu cha mashine kinasema ya tatu!” akafoka meneja wa kiwanda, aliyesimama nyuma yao. “Ukiiunguza, mashine inakwenda stoo Jumatatu.”

“Mzee, nafasi zote zimeungwa kwenye njia moja,” fundi akajibu taratibu, kama kawaida yake. “Kwetu Masama, maji ya mfongo, mfereji wetu, yakishuka mlimani, shamba la mwisho nalo linakunywa.”

Akaikandamiza kadi kwa vidole gumba vyote viwili, akawasha. Meneja na Epifania wakakikodolea macho kioo. Maandishi yalipotokea, fundi alikuwa ameshafunga mkoba wake.