Maimuna Gande akataa kuitwa mgeni

Saa sita na robo mchana, mashine ya kukoboa kahawa inazimwa na vumbi linaanza kutua. Wanawake arobaini wananyoosha migongo. Maimuna Gande anakung'uta maganda kwenye mtandio wake, anatawadha kwenye bomba la nje, kisha anatandika gunia safi nyuma ya mizani na kuswali.

Ni dakika kumi tu. Akirudi mezani, viazi vitamu vyake bado vina moto.

"Nikichelewa, Martha anavila," anasema.

"Kuviacha vipoe ni dhambi," anajibu Martha Kaupa, Mlutheri anayechambua buni kando yake mwaka wa tisa sasa.

Maimuna ana miaka arobaini na mitatu, mjane mwenye watoto watatu. Analipwa kina 140, fedha ya hapa, kwa wiki katika kiwanda hiki nje kidogo ya mji wa milimani wa Kundiawa, na kwa kuchambua hakuna anayemfikia. Alisilimu miaka kumi na minane iliyopita, pamoja na mumewe. Mume alipofariki, aliwakatalia wakwe nguruwe wa matanga, akafukia kuku kwenye shimo la mawe ya moto waive. Ukoo ulinuna mchana kutwa. Jioni wakala.

Kiwandani hakukuwa na neno mpaka Machi mwaka jana, alipokuja msimamizi mpya, Alphonse Waine, binamu wa marehemu. Kila asubuhi, kabla mashine haijawashwa, wafanyakazi huimba na kuomba kwa robo saa. Maimuna hukaa nao kimya. Alichoomba yeye ni dakika kumi za mchana, tena zikatwe kwenye muda wake wa kula.

"Shemeji, hii nchi ni ya Kikristo," Waine alimwambia. "Katiba imesema. Ukitaka hayo mambo, nenda huko yalikotoka."

"Yalikotoka sikujui, shemeji. Mimi nimetoka nyuma ya kilima kile, na wewe ulikula harusini kwangu ukashiba."

Siku hiyohiyo akaswali. Siku hiyohiyo akasimamishwa kazi.

Kwa siku tisa alikuja asubuhi na aproni yake, akasimama nje ya geti mpaka kazi iishe. Mvua za Machi zilimnyeshea.

"Nililia, sikatai," anasema. "Lakini nyumbani, wasinione."

Siku ya kumi wanawake wenzake waliingia ndani, wakagoma kukaa mezani.

"Tulimuuliza Waine, na sisi tuache kuimba?" anakumbuka Martha. "Tukamwambia, kama sivyo, basi kamlete."

Aliporudishwa, ofisi ilimpa barua asaini: ruhusa maalumu kwa mfuasi wa dini ya kigeni. Maimuna akaomba kalamu. Wote wakashusha pumzi. Akalikata neno "kigeni" kwa mistari miwili, akairudisha barua bila saini.

"Nilimwambia Waine, bibi yangu alimwona padri wa kwanza akiingia bonde hili. Alikuwa msichana wa kuteka maji, akatupa kibuyu akakimbia, akidhani ni mzimu. Kwa hiyo dini zote mbili zimeletwa. Mimi sikuletwa."

Waine hapendi sana kulizungumzia jambo hili. "Shemeji yangu ana kichwa kigumu," anasema. "Lakini asipokuwepo, buni mbovu zinapita."

Barua nyingine haijaandikwa mpaka leo. Maimuna anaswali bila karatasi, na anajua kwamba akija msimamizi mwingine anaweza kujikuta tena nje ya geti.

"Geti nalijua," anasema. "Nitasimama."

Septemba hii, Siku ya Uhuru, ukoo wake umemchagua azungumze uwanjani kwa niaba ya wanawake. Wazee wawili wa kanisa wamepinga, na mmoja amemtumia ujumbe avue mtandio kwanza. Hatauvua. Akiulizwa atasema nini, haachi kuchambua. Vidole vinaendelea kutupa buni mbovu pembeni.

"Nitazungumza Kikuman, lugha ya bonde hili, kile cha ndani kabisa, alichokisema bibi," anasema. "Asiyenielewa, huyo ndiye mgeni."