Mwito wa Susu wa Dukani

Sisi tuliokulia Emali enzi za maziwa kupimwa kwa kikombe cha bati, lugha tuliziokota njiani kama zambarau. Nyumbani Kikamba, darasani Kiswahili na Kiingereza cha kukariri, siku ya soko Kimasai na Kisomali kidogo kutoka kwa wenye mifugo. Wajukuu wangu wana simu zinazojua lugha zote za dunia, na bado kumsalimia jirani kunawashinda. Mimi nilikuwa na lugha moja zaidi, japo maneno yake machache tu. Inaitwa Kigadi.

Alinifundisha mama mzazi wa Mohan, mwenye duka karibu na stesheni. Sisi watoto tulimwita Susu, kama tulivyowaita nyanya zetu. Wahindi wengine tuliowajua walikaa nyuma ya kaunta; huyu alifuga mbuzi nyuma ya duka na kuwakamua mwenyewe, amechuchumaa, mtandio umefungwa kiunoni. Watu wa kwao, Wagadi, ni wachungaji wa milima ya kaskazini mwa India, alituambia, hushuka na mifugo baridi ikianza na kupanda tena theluji ikiyeyuka. Asubuhi isiyo na mawingu, Kilimanjaro ikijitokeza, aliacha hata chai ikichemka akaenda kusimama uani. "Hiun," alisema, yaani theluji, na uso wake ukawa wa msichana.

Mimi niliwapelekea mbuzi wake maganda ya mbaazi baada ya shule. Malipo yangu yalikuwa chapati ya moto iliyopakwa samli, na harufu yake ilinifuata mpaka nyumbani, dada zangu wakininusa mikono kwa wivu.

Kwao kulikuwa na desturi. Mchungaji akiondoka na mifugo, mtu wa nyumbani humwita kutoka langoni: ni nani anayeenda? Naye hujibu bila kugeuza kichwa: mtu wa nyumba hii. Asipojibu, nyumbani hawalali vizuri mpaka arudi. Susu alimwita Mohan hivyo kila alipokwenda Nairobi kuleta bidhaa. Siku moja Mohan akamjibu kwa Kiswahili, mbele yangu.

"Mama, wachana na hii lugha ya mbuzi. Watoto watachekwa shule."

Susu hakugombana naye. Alikaa kwenye gunia la pojo akatazama mikono yake. "Sasa mimi nitajibiwa na nani?" akauliza, na mtu wa pekee aliyekuwa hapo ni mimi.

Basi akanifundisha. Kila jioni aliniita kwa Kigadi kutoka langoni, nami nikajibu nikiwa nimempa mgongo. Nikigeuka, hata kidogo, alinirudisha mpaka mlangoni nianze upya. Nilichoka, nikacheka, nikarudia. Siku alipougua na kuingizwa kwenye gari kupelekwa hospitali Nairobi, Mohan alikuwa kwenye usukani na hakuna aliyeita. Nikaita mimi. Kutoka kiti cha nyuma, kwa sauti nyembamba, Susu akajibu, na kichwa chake hakikugeuka. Hakurudi tena Emali. Nilimlilia kama nyanya yangu wa damu.

Mwaka jana Mohan alikuja kwangu, mzee mwenye mkongojo. Lile duka lake siku hizi linauza vioo vya simu. Mjukuu wake alimuuliza lugha yao ni ipi, naye akapiga simu kwa jamaa wote, hakuna aliyeikumbuka.

"Sina hata neno moja la mama," akaniambia. "Nilikuwa naona haya. Wewe unakumbuka?"

Nilimpa chai kwanza. Kisha nikamfundisha maneno ya mamake, mimi Mkamba wa Emali, naye akayarudia kama mtoto wa chekechea. Alipoaga nilisimama langoni nikamwita. Akajibu vizuri, lakini akageuka kuniangalia. Nikamrudisha mpaka mlangoni. Alicheka huku anafuta machozi, akaanza upya, na safari hii akajibu akaenda moja kwa moja mpaka kwenye gari.

Nilijiona mshindi siku nzima. Jioni mjukuu wangu Mwende, aliyekuwa likizo kwangu, akabeba begi kurudi Nairobi. Enzi zetu mtoto hakutoka boma bila kuagwa, na aliitikia kwa lugha ya boma hilo. Nikamwita kwa Kikamba kutoka langoni, nikamuuliza ni nani anayeenda. Akatoa kitu kile cha sikioni.

"Ati umesema nini, shosho? Sijashika."

Nilimtazama, na kwa mara ya kwanza nikaelewa jinsi Susu alivyokaa kwenye lile gunia.

"Rudi mpaka mlangoni," nikamwambia. "Gari litangoja."